Mwarobaini: dawa ya bustani iliyozusha mgogoro

Wenye bustani katika eneo la Washington, Marekani, hununua mafuta ya mwarobaini dukani ili kupambana na vidukari, inzi weupe na ukungu wa majani. Mti wenyewe hauhimili baridi ya huko, lakini kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki si mgeni: jina lake latokana na imani kuwa hutibu maradhi 40.

Mbegu zake zina kemikali iitwayo azadiraktini, ambayo humfanya mdudu aache kula na ashindwe kujivua gamba. Hafi papo hapo, jambo linalowavunja moyo wenye haraka. Mafuta huchanganywa na maji yenye sabuni kidogo, kisha hunyunyizwa jioni ili nyuki wasidhurike na jua lisiidhoofishe dawa.

Ni kazi yake dhidi ya ukungu iliyozusha mgogoro. Mwaka 1994 Wizara ya Kilimo ya Marekani na kampuni ya W.R. Grace zilipewa hataza barani Ulaya, yaani haki ya pekee ya kutumia njia hiyo. Mwanaharakati wa India, Vandana Shiva, na wenzake walipinga, wakisema wakulima wa India waliijua tangu zamani. Hataza ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwezi Machi 2005.

Uamuzi huo ulihusu Ulaya pekee. Nchini Marekani, hadi mwaka 2013, ujuzi wa nchi za nje usiochapishwa popote haukuweza kuzuia hataza. Bibi wa Lamu na majani yake asingesikilizwa.