Fomu ya Mashamba na Mafungu ya Warithi

Wanachama kadhaa wametuuliza kwa nini fomu ya mashamba katika kompyuta ya chama imebadilishwa, na kwa nini karani sasa huuliza fungu la kila mtu. Twaona yafaa tueleze.

Mwanachama mmoja aweza kuwa na mashamba matatu, na shamba moja laweza kuwa na wenyewe wanne. Kwa hiyo jedwali la watu na jedwali la mashamba hayatoshi. Huwekwa la tatu la kuyaunganisha, na kila mstari wake hutaja mtu mmoja, shamba moja, na fungu la mtu huyo katika shamba hilo.

Tuseme mtu amefariki, ameacha mke, mwana mmoja na binti wawili. Mke hupata thumuni, na katika kilichobaki mwana hupata mara mbili ya binti. Shamba likifanywa mafungu 32, mjane ana 4, mwana 14, na kila binti 7. Hiyo ni mistari minne ya jedwali la tatu.

Fomu yetu ya kwanza ilionyesha majina tu, na visanduku vya kutia alama. Karani alipohifadhi, programu ilifuta mistari yote ya shamba lile, kisha ikaandika upya majina yenye alama. Kama ni orodha ya majina matupu, haidhuru. Lakini mafungu hayakuwamo katika fomu, basi hata aliyesahihisha herufi moja ya jina la shamba aliyapoteza yote. Tuligundua tulipolinganisha na karatasi za mirathi, na aibu ilikuwa yetu.

Sasa programu hulinganisha orodha ya zamani na mpya: aliyeongezwa huandikwa, aliyeondolewa hufutwa, aliyebaki haguswi. Kazi yote hukubaliwa pamoja au hukataliwa pamoja, umeme usije ukakatika katikati ukaacha nusu ya warithi.

Liko na jambo dogo lililotusumbua sana. Kisanduku kisichotiwa alama hakipelekwi kabisa, hivyo programu haijui kama wenyewe wote wameondolewa au sehemu ile haikuwamo katika fomu. Tumeweka alama iliyofichwa. Isipofika, programu haifuti mtu.

Wenye mashamba ya urithi waje afisini na karatasi zao za mirathi, tuyaandike mafungu upya mbele yao.