Nguo Bila Jina: Makumbusho ya Mavazi na Kazi ya Mwanafunzi wa Lugha

Makumbusho ya mavazi ni taasisi inayokusanya nguo, kuzihifadhi, kuzichunguza na kuzionyesha kwa watu. Kwa msomaji wa Goma au Masisi kazi hiyo inaweza kuonekana ya mbali. Hatuna jengo la aina hiyo, na nguo kwetu huvaliwa mpaka ichakae. Katika makala haya ninaeleza namna makumbusho hayo yanavyofanya kazi, kisha ninaonyesha kwamba sehemu yake ngumu zaidi ni ya lugha, na kwamba sehemu hiyo inaweza kuanza hata Kibabi, nilikokulia, bila jengo.

Maonyesho na lebo

Nguo ni kitu dhaifu. Mwanga huifubaza, na madhara yake hujumlika: rangi iliyopotea hairudi. Ndiyo maana vyumba vya maonyesho ya nguo huwa na mwanga hafifu, kwa kawaida wa takriban luksi 50, na nguo ya thamani huonyeshwa kwa miezi kadhaa kisha hupumzishwa gizani. Ghalani hulazwa juu ya karatasi isiyo na asidi, au huviringishwa ili isipate mikunjo. Unyevu na wadudu hufuatiliwa. Mtazamaji haruhusiwi kugusa.

Uangalifu huo una gharama yake. Nguo iliyotengenezwa ili ifungwe kiunoni, icheze ngoma na kubeba mtoto, sasa imevikwa sanamu isiyo na uso. Kinachobaki kuisemea ni lebo: karatasi ndogo yenye aina ya kitu, mahali, mwaka, malighafi na namba ya usajili. Hapo ndipo mwanafunzi wa lugha anapaswa kusogea karibu na kusoma.

Jina ni sehemu ya nguo

Tuanze na kanga ya pwani, kwa kuwa yenyewe imeandikwa. Kanga ina pindo, mji na jina, yaani maneno yaliyochapwa chini ya mji. Makumbusho yanaweza kunakili jina na kulitafsiri. Lakini jina lile lile likitoka kwa mama kwenda kwa binti ni wosia. Likivaliwa mbele ya jirani aliyegombana nawe ni kijembe. Maana haimo katika maneno peke yake. Imo pia katika nani amempa nani, lini, na nani alikuwa akitazama. Wanaosoma pragmatiki katika kitivo chetu wanalijua jambo hili. Lebo yenye mistari minne hailijui.

Kitenge kina tatizo kubwa zaidi, kwa sababu jina lake mara nyingi halijaandikwa popote juu ya nguo. Kampuni ya Vlisco, iliyoanzishwa mwaka 1846 huko Helmond, Uholanzi, hutambua michoro yake kwa namba. Majina mengi yanayojulikana yametoka sokoni, kwa wanawake wanaouza na wanaonunua. Mchoro unaoitwa «Mon mari est capable», yaani mume wangu anaweza, haukupata sifa kwa namba yake. Ulipata sifa kwa sababu mwanamke aliyeuvaa alikuwa ametangaza jambo kuhusu nyumba yake bila kufungua kinywa.

Historia ya nchi yetu nayo inatoa mfano. Katika miaka ya 1970, chini ya siasa ya «authenticité», utawala wa Mobutu ulipiga marufuku suti na tai. Wanaume wakavaa koti lililoitwa abakosti, na wanawake wakatakiwa kuvaa liputa badala ya suruali. Abakosti ni ufupisho wa maneno ya Kifaransa «à bas le costume», yaani suti na ianguke. Marufuku hayo yalilegezwa Aprili 1990, Mobutu alipotangaza mwisho wa utawala wa chama kimoja. Ukilitundika koti hilo ukutani bila neno lake, kijana wa leo ataona koti tu. Ukimpa neno, ataona amri ya serikali juu ya mwili wa raia.

Programu za jamii zinafanya nini

Makumbusho makubwa yametambua upungufu huu, ndiyo maana pamoja na maonyesho huendesha programu za jamii: warsha za ushonaji, ziara za wanafunzi, vikao vya wazee kusimulia na maombi ya wazi kwa umma. Mfano mzuri ni makumbusho ya Victoria and Albert ya London. Januari 2021, yakitayarisha onyesho la «Africa Fashion», yaliwaomba watu watafute nyumbani mwao nguo, picha za familia na kumbukumbu za mavazi ya Kiafrika. Onyesho lilifunguliwa Julai 2022 likidumu hadi Aprili 2023, na picha za familia zilikuwa sehemu yake, pamoja na kazi za wabunifu mashuhuri. Jambo la kujifunza ni mpangilio wa kazi: jamii iliulizwa kabla ya onyesho kujengwa, haikualikwa tu kuja kupiga makofi.

Kibabi: pale nguo isipodumu

Sasa nirudi kwetu. Masisi imeishi na vita kwa miaka mingi, na Kibabi imepokea wakimbizi na kutoa wakimbizi. Anayekimbia hufunga vitu ndani ya kitenge. Kitenge hicho hicho hubeba mtoto, huwa shuka, hutundikwa kambini kuwa pazia, na siku chakula kikiisha huuzwa. Sanduku la vitenge alivyopewa bibi harusi humalizika kipande kwa kipande. Katika hali hiyo, kungoja nguo za kale zije kujaza makabati ni kungoja kisichokuja.

Lakini nimewasikia akina mama wasio na hata nguo moja ya ujana wao wakizitaja zote kwa mpangilio: ile ya ndoa, ile ya jubilei ya parokia, ile ya tarehe 8 Machi. Nguo imekwisha, jina limebaki. Na jina nalo lina muda wake: linaondoka na anayelijua.

Hata maneno ya kawaida yanahitaji kukusanywa. Nyumbani kwetu kikwembe ni cha kujifunga na kubebea mtoto. Liputa ni kile unachompelekea fundi akushonee libaya. Pagne utaisikia zaidi kwa muuzaji anayetaja bei. Jirani anayesema Kinyarwanda atavaa umushanana harusini, na nguo za mitumba wote tunaziita chaguwa, kutokana na kitenzi cha Kiswahili, kuchagua. Bila shaka msomaji wa Walikale atapinga mipaka hii niliyoichora. Ubishi wake ndio data tunayoitafuta.

Kwa hiyo napendekeza programu ndogo ambayo wanafunzi wa kitivo wanaweza kuiendesha wakati wa likizo. Kila mmoja achukue kadi, daftari na simu ya kurekodi. Asianze kwa kuuliza, «Hii inaitwaje?» maana atajibiwa, «Kitenge.» Aulize: «Mama, ulipofika kwa muuzaji ulisema unataka ipi? Nani alikupa? Ulipoivaa, ulitaka nani aione? Iko wapi leo?» Majibu yaandikwe kwanza kwa maneno ya msemaji, yawe ya Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda au Kiswahili chetu, kabla ya kusanifishwa. Nakala moja ibaki kwake. Jina lake na mahali anapolala visiandikwe bila ridhaa yake, kwa kuwa katika mazingira yetu habari ndogo inaweza kumdhuru mtu.

Onyesho lenyewe lifanyike kwa siku moja, katika darasa au ukumbi wa kanisa, kwa kamba na vibanio. Mwenye nguo asimame kando yake na kuisemea. Asiye na nguo asimame kando ya kadi yake. Jioni kila mmoja arudi na chake.

Wahadhiri wanaweza kusema kwamba hiyo ni kazi ya uwandani, wala si makumbusho. Ni kweli kwamba tafsiri iliyopitishwa na baraza la kimataifa la makumbusho, ICOM, huko Prague Agosti 2022, inazungumzia taasisi ya kudumu. Lakini tafsiri hiyo hiyo inataja ushiriki wa jamii. Kwa hiyo sidai kwamba Kibabi itakuwa na makumbusho kesho. Ninadai kwamba kazi moja ya makumbusho, ile ya kuunganisha nguo na neno lake, inaweza kufanyika Kibabi sasa, na kwamba wanaofaa kuifanya ni sisi tunaofundishwa kusikiliza. Siku jengo litakapopatikana, huko Goma au kwingineko, vitambaa vitanunulika. Maneno ambayo hatukuyaandika hayatanunulika.