Faradhi na Sunna za Kisakinishi

Neno "kusakinisha", ambalo mafundi wa kompyuta wamekwisha kulizoea hata halimshangazi mtu tena, lina asili ya kupendeza, kwani kusakini ni kukaa mahali, na anayesakini si mgeni wa siku mbili alalaye sebuleni na mkoba wake pembeni, bali ni mkaazi mwenye chumba chake, ajulikanaye na majirani. Aliyelichagua neno hili alichagua vyema, maana hiyo ndiyo kazi hasa ya ile programu tuiitayo kisakinishi: kuichukua lugha ya kuprogramu, pamoja na maktaba zake, na kuikalisha ndani ya kompyuta ya mtu kwa namna ambayo wenyeji wengine wa nyumba ile watajua inakaa wapi, na wataipataje wakiihitaji. Kazi hii aghalabu hudharauliwa. Waundaji wa lugha hujadiliana miaka kwa miaka juu ya sarufi yake, nacho kisakinishi hukiacha kiandikwe mwisho, baada ya mambo yote yaliyohesabiwa kuwa makubwa. Ilhali mwanafunzi hukutana na kisakinishi kabla hajaiona hata sentensi moja ya lugha yenyewe, na wengine safari yao huishia hapo hapo kizingitini.

Tuchukue mfano wa Python, lugha ambayo Guido van Rossum aliitoa kwa umma mara ya kwanza mwaka 1991, na ambayo leo ndiyo mlango wa kwanza wa wanafunzi wengi. Kisakinishi chake cha Windows, kile kilichozoeleka tangu toleo la 3.5 la mwaka 2015, humwonyesha mtu mambo mawili makubwa ya kubonyeza, moja la kusakinisha papo hapo kwa mipangilio iliyokwisha kuamuliwa, la pili la mwenye kutaka kujichagulia; na chini kabisa ya dirisha, mahali ambapo jicho la mwenye haraka halifiki, pana kisanduku kidogo cha kutia tiki, kinachouliza kama Python iongezwe katika PATH, yaani ile orodha ya makabrasha ambayo Windows huyapekua kila mtu aandikapo jina la programu kwenye dirisha la amri. Kisanduku kile huja kitupu. Mwanafunzi hukipita, husakinisha, huambiwa kwamba amefaulu, hufungua dirisha la amri na kuandika "python" kama kitabu chake kilivyomwagiza, na kompyuta humjibu kwamba haitambui jina hilo. Au, katika Windows za tangu mwaka 2019, humfungulia duka la Microsoft, kana kwamba hajapakua kitu. Lugha imo ndani ya nyumba, ila bawabu hakupewa habari zake.

Kwa insafu ni lazima tuseme kwamba wabunifu wale hawakukiacha kisanduku kitupu kwa uzembe. Kompyuta moja yaweza kuwa na Python tatu za matoleo mbalimbali, na kuiingiza mpya mbele ya foleni kwaweza kuzivuruga programu zilizokuwa zikiitegemea ya zamani bighairi ya mwenye kompyuta kujua. Kwa sababu hiyo waliandaa, tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012, programu ndogo iitwayo py, ambayo humpeleka mtu kwenye toleo alitakalo. Ni tadbiri njema, lakini vitabu vingi vya kufundishia huandika "python", haviandiki "py", na mwanafunzi hufuata kitabu. Rai yangu ni kwamba swali ambalo jibu lake lahitaji maarifa asiyokuwa nayo anayeulizwa haliwi hiari, huwa ni mtihani. Na kwa kuwa mtu aijuaye PATH ndiye awezaye kukitoa tiki kile kisanduku asipokitaka, mzigo wa kukumbuka ungestahili kuwekwa juu yake yeye, si juu ya huyu aliyeingia leo.

Wanafiqihi wana mgawanyo wao wa kale ambao msanifu wa kisakinishi angefaidika nao sana: kuna faradhi, kuna sunna, kuna mubaha, yaani jambo ambalo kulitenda na kuliacha ni sawasawa, na kuna makuruhu. Katika lugha ya kuprogramu, programu inayoitafsiri amri na kuitekeleza ni faradhi isiyojadiliwa, na maktaba ya msingi vilevile. Kihariri kidogo cha wanaoanza, pamoja na ile maktaba ya kuchorea madirisha ambayo kihariri hicho huitegemea, naviita sunna iliyosisitizwa. Ama lile furushi la majaribio ambalo watengenezaji hulitumia kuikagua lugha yao, na ambalo kisakinishi cha Python hulitaja kwenye orodha sawa na vingine, hilo kwa mtu wa kawaida ni mubaha tupu. Taabu huanza pale vitu hivi vyote vinapopangwa katika safu moja, kila kimoja na kisanduku chake, kana kwamba uzito wao ni mmoja.

Kuipanua faradhi nako kuna gharama yake. Python ilijipatia sifa kwa usemi kwamba inakuja na betri zake ndani, kama redio ambayo mtu huinunua asubuhi na jioni akasikiliza taarifa ya habari bila ya kwenda tena dukani, na kwa miaka mingi usemi huo ulikuwa wa kweli na wenye baraka. Lakini betri huisha. Maktaba ikishaandikwa katika faradhi hutegemewa na watu wasiojulikana idadi, haiwezi kubadilishwa kwa wepesi, na mtunzaji wake akihama au akichoka hubaki kama chumba kilichofungwa ambacho hakuna athubutuye kukifungua. Pendekezo lililoandikwa mwaka 2019 la kuziondoa zile zilizokufa lilichukua miaka kutimia, hata toleo la 3.13 la mwaka 2024 likatoka likiwa limezipunguza maktaba 19 kwa mkupuo, miongoni mwao telnetlib, na cgi iliyotumika kuendeshea tovuti za zama za mwanzo, na kadhaa zilizosoma aina za faili za sauti ambazo vijana wa leo hawajapata kuzisikia. Wakati huohuo kitu kimoja kilikuwa kimekwisha kuingizwa, nacho kikazidi vyote kwa manufaa: pip, programu ya kuletea maktaba kutoka nje, iliyotiwa ndani ya kisakinishi tangu toleo la 3.4 la mwaka 2014. Akiba bora nyumbani ni kapu la kwendea sokoni.

Wenzao wa lugha ya Rust waliikabili mas'ala hii kwa njia nyingine. Kisakinishi chao, rustup, tangu mwaka 2019 hugawa vitu katika mafungu: fungu dogo lenye kile tu kisichoepukika, fungu la kawaida linaloongeza nyaraka pamoja na programu za kunyoosha na kukagua msimbo, na fungu kamili ambalo wenyewe hawalipendekezi. Kisa cha nyaraka chafaa kutazamwa kwa karibu. Nyaraka za Rust ni maelfu ya faili ndogondogo, na kwenye Windows, ambako antivairasi huisimamisha kila faili na kuihoji kama askari wa forodhani, kuziandika zile peke yake kwaweza kuchukua muda mrefu kuliko lugha nzima. Kwa hiyo mtu mwenye intaneti isiyokatika husema, na kwa upande wake husema kweli, kwamba nyaraka zingeachwa mtandaoni. Lakini yule anayehesabu bando lake kwa megabaiti, ambaye jioni akikwama hana wa kumuuliza wala salio la kumwezesha kutafuta, huandika "rustup doc" na kivinjari kikamfungulia kitabu chote kutoka ndani ya kompyuta yake, bila ya intaneti kabisa. Kwa huyu nyaraka zimekaribia faradhi, nami nawasifu waliozibakiza katika fungu la kawaida.

Swali baya kuliko yote niliyopata kukutana nayo limo katika R, lugha ya watakwimu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland. Hazina ya maktaba zake, CRAN, iliyoasisiwa mwaka 1997, ina nakala zake katika nchi nyingi, na mtu anapoomba maktaba yake ya kwanza hutolewa orodha ndefu ya nchi na miji, aambiwe achague. Mwanafunzi wa takwimu wa Mombasa atajuaje nakala ipi ni ya haraka, ipi imesasishwa jana? Siku hizi mwanzoni mwa orodha ile pamewekwa jina "0-Cloud", ambalo humpeleka mtu kwenye seva iliyo karibu naye bila ya kumuuliza zaidi. Sifuri ile imetangulizwa ili, kwa mpangilio wa herufi, liwe juu ya majina yote. Ni kiraka, lakini kiraka kilichoshonwa na mtu mwenye huruma.

Kuna jambo jingine ambalo sisi huku tunalijua kwa miili yetu. Niliwahi kusaidia kuandaa chumba cha kompyuta cha chuo kimoja, mashine takriban thelathini na modemu moja, na kisakinishi tulichopewa, ambacho sitakitaja jina, kilikuwa kikipakua kila kitu upya kwa kila mashine. Umeme ukakatika tukiwa katikati ya mashine ya tano. Ulipowaka, kisakinishi kilikuta kabrasha lake tayari limo, kikadhani kazi imekwisha, kikatuaga kwa heshima; na lugha ile, ikiwa nusu imo na nusu haimo, ikawa haiendeshwi wala haifutiki. Dawa yake si ngumu: faili hupakuliwa kwanza mahali pa muda, namba yake ya uhakiki ikalinganishwa na ile iliyotangazwa na mwenyewe, na ikithibiti ndipo kabrasha zima hupewa jina lake la kudumu kwa tendo moja, hata umeme ukikatika dakika yoyote hukuta ama lugha haipo kabisa au ipo yote. Kadhalika maktaba: amri ya "pip download" huzikusanya katika kabrasha moja, zikatiwa katika flashi na kupelekwa mashine kwa mashine, nayo pip yenyewe hukubali kusakinisha kutoka kabrasha hilo bila ya kugusa mtandao. Tungejua hilo siku ile, modemu ingetumika mara moja.

Lililobaki ni adabu ya mpangaji. Katika Linux, mfumo endeshi wenyewe hutumia Python kwa shughuli zake, na kwa miaka mingi watu walikuwa wakiletea maktaba zao humo humo, wakibomoa kuta za mwenye nyumba bila ya idhini. Katika Debian, mojawapo ya aina za Linux, tangu toleo la 12 la mwaka 2023, pip hukataa kufanya hivyo na kumwelekeza mtu ajitengee mazingira yake kwa venv. Wengi walilalamika. Mimi naona kukataa kule, kwa kuwa kunakuja na maelezo ya njia ya halali, ni adabu kubwa kuliko kukubali.

Ama wewe msomaji, ikiwa usiku wa leo utakifungua kile kisakinishi cha Python kwenye Windows, na ndiyo mara yako ya kwanza, usikimbilie kubonyeza. Tazama chini kabisa ya dirisha, kitie tiki kisanduku cha PATH, kisha ndipo uendelee.