Redio ya gari la zamani yaweza kuboreshwa bila kubomoa dashibodi

WENYE magari makuukuu yaliyotoka Japani hukumbana na tatizo moja washukapo kutoka Chawia kuelekea Voi: redio hunasa stesheni chache mno. Redio hizo za zamani ziliundwa kwa masafa ya FM ya megahazi 76 hadi 90, ilhali stesheni za Kenya hutangaza kati ya 88 na 108.

Baadhi yao hung’oa redio na kuweka mpya yenye taa za kumetameta. Hatua hiyo huharibu sura ya gari na kuwavutia wezi.

Njia bora ni kuiacha redio ya asili na kufunga nyuma yake kifaa kidogo cha kushusha masafa, kati ya waya wa eriali na redio. Kikishusha kwa megahazi 18, stesheni ya 100 husikika kwenye 82. Hata hivyo, zilizo chini ya 94 hutoka nje ya kipimo. Mnunuzi achague kifaa kulingana na stesheni aipendayo.

Aidha, spika zilizopasuka zibadilishwe kwa za ukubwa ule ule, chini ya vifuniko vya awali. Fundi asikate nyaya za kiwandani, na umeme upitie kwenye fyuzi, kwani hitilafu ndogo yaweza kuliteketeza gari.