Mtoto Akishindwa Kusimulia Hadithi, Tusiilaumu Sheng

Sisi watu wa pwani tunaoishi Majengo, Pumwani, hapa Eastlands, bado tunaketi na watoto jioni. "Paukwa!" "Pakawa!" Kisha kila mtoto hupewa zamu yake.

Mpwa wangu wa miaka 6 alipopewa yake alisema: "Sungura... akaenda. Halafu yule. Halafu akampiga." Nani alimpiga nani? Wenzake wakacheka. Dadangu akasema Sheng ndiyo iliyomharibu, nami nikaafiki. Tulikosea.

Mtoto wa umri huo huweza kutaja wahusika, shida iliyowapata, walichofanya na mwisho wake. Akichanganya Kiswahili, Sheng na Kikamba si ugonjwa, mradi kisa kinaeleweka. Mwenye tatizo la ukuaji wa lugha huenda akasikia vizuri na kucheza vizuri, lakini sentensi zake ni fupi, maneno humpotea, na matukio hayaungani. Tena shida hiyo huonekana katika kila lugha anayoizungumza. Ikiwa anakwama kwa Kiingereza cha shule tu, huenda bado hajakijua.

Tatizo hili si nadra. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2016 ulikuta watoto wapatao 7 katika kila 100 wanalo bila sababu nyingine inayojulikana. Katika darasa la watoto 30, hao ni kama wawili.

Wataalamu hupenda kutumia kitabu cha picha kisicho na maneno. Kimoja maarufu ni cha Mercer Mayer cha 1969, kuhusu mvulana anayemtafuta chura wake aliyetoroka. Mtoto hutazama picha, kisha husimulia. Msikilizaji huangalia kama ameeleza kwa nini mvulana alitoka nyumbani, au ametaja tu picha mojamoja.

Mzazi, ukiwa na wasiwasi, anza kwa kumpima mtoto masikio. Kisha uliza kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu (EARC). Vituo hivyo vilianzishwa nchini mwaka 1984. Nyumbani, msimulie kila siku, umuulize "Ikawaje?" na "Kwa nini?", na umpe muda wa kujibu. Akikosea, rudia sentensi yake kwa usahihi bila kumkemea.

Mpwa wangu bado hukwama katikati. Lakini sasa hakuna anayecheka barazani, naye haikimbii zamu yake.