Riwaya za Mapenzi, Taharuki na Imani (3): Muujiza Uje Sura ya Ngapi?

Sehemu mbili zilizopita zilihusu mapenzi na uhalifu. Leo tuingie kwenye kiungo cha tatu, imani, ambacho ndicho kinachozua ubishi mwingi kati ya wasomaji wa hapa Arusha. Panda kifodi cha Tengeru jioni, ukae kiti cha nyuma. Dada mmoja ana kitabu cha mtumba cha Kiingereza kilichochakaa jalada. Jirani yake anatelezesha kidole kwenye simu, yuko sehemu ya 34 ya hadithi ya Kiswahili iliyorushwa kwenye kundi la WhatsApp. Lugha mbili, lakini mambo ni yale yale: wawili wanapendana, kuna mtu anataka kuwamaliza, na Mungu yumo.

Kitabu cha yule dada kina kiwanda chake. Kampuni ya Harlequin ya Kanada ilianzisha mfululizo wa Love Inspired mwaka 1997, unaohusu wapenzi wanaoishi kwa imani ya Kikristo na kusubiri ndoa. Mwaka 2005 ukafuata ule wa taharuki. Kanuni zake hazifichwi. Ukiona jalada tu unajua wataoana na muuaji atakamatwa. Basi msomaji anatafuta nini, kama mwisho anaujua tangu dukani?

Jibu zuri kuliko yote ninayoyajua liko kwenye Mlima Meru wenyewe. Ismael Mbise, mtoto wa Umeru, alichapisha riwaya yake ya Kiingereza *Blood on Our Land* mwaka 1974, juu ya Wameru waliofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951 ili kuwapisha walowezi. Kila mtu wa King'ori au Poli anajua ilivyokwisha: Kirilo Japhet alikwenda Umoja wa Mataifa, New York, kwa niaba yao mwaka 1952, akasikilizwa, na ardhi haikurudi kwa safari ile. Hata hivyo kitabu kinasomeka kwa moyo kudunda. Kujua mwisho hakuui taharuki hata kidogo. Kinachomshika msomaji ni gharama: nani atalipa, atalipa nini, na atabaki mtu wa namna gani baada ya kulipa.

Hapo ndipo imani inapoweza kuwa na kazi katika riwaya pendwa, na ndipo inapoharibiwa mara nyingi.

Turudi nyuma kidogo. Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilianza kwa kushuku mambo ya mizimu. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960) cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, maiti inakutwa penye mzimu na watu wako tayari kuamini kwamba mzimu ndio ulioua. Mpelelezi Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anafuata mkono wa binadamu mpaka anaupata. Faraji Katalambulla na *Simu ya Kifo* (1965) alikwenda njia hiyo hiyo kupitia Inspekta Wingo. Baadaye walikuja Elvis Musiba na Willy Gamba wake, na Ben Mtobwa na Joram Kiango. Hao waliitegemea zaidi bastola, na mapenzi kwao yalikuwa ya kupoza koo kati ya risasi mbili.

Mwandishi Kezilahabi alifanya jambo la ajabu zaidi. *Rosa Mistika* (1971), kitabu kilichowahi kupigwa marufuku mashuleni kisha kikaja kufundishwa humo humo, kimejaa mapenzi na kanisa, lakini Mungu anapewa nafasi ya kusema baada ya Rosa kujiua, wakati hakuna tena cha kuokoa. Ni ukatili wa kisanaa, na mimi nauheshimu kuliko magoti mengi yaliyopigwa tangu hapo kwenye hadithi za magazetini.

Sasa tazama hadithi ya kwenye simu inavyozaliwa. Sehemu za mwanzo ni bure. Ukishanogewa unatuma buku au buku mbili kwa M-Pesa, unaingizwa kundi la kulipia. Mwandishi anaandika leo, anarusha leo. Kila sehemu lazima ikatwe mahali panapouma, la sivyo kesho watu hawarudi. Si utaratibu mpya: Eric Shigongo alijenga magazeti kwa hadithi za mfululizo, na huko Uingereza Dickens alianza hivyo hivyo mwaka 1836. Tatizo ni kwamba mwandishi wetu anafika sehemu ya 50 akiwa amefunga mafundo mia na hajui alianzia wapi. Wasomaji wamechoka, wanadai mwisho. Ndipo shujaa anaingia kwenye maombi ya kufunga, muuaji anaoteshwa usiku, asubuhi anakwenda polisi mwenyewe kuungama. Watu wanaandika "Amina" chini yake. Mimi muujiza wa namna hiyo siuhesabu kuwa imani. Ni mwandishi aliyeishiwa.

Tutunge mfano wa hapa hapa tuone. Neema anaimba kwaya Usa River. Mchumba wake, Elia, ni dalali wa tanzanaiti. Mwanaapolo mmoja, mchimbaji wa mawe hayo, anakutwa amekufa machimboni Mirerani na mawe yake hayapo. Elia anawaambia polisi kwamba usiku ule alikuwa nyumbani kwa Neema mpaka alfajiri. Si kweli, na Neema anajua. Elia aliondoka saa mbili. Neema anaambiwa na kila mtu, hata mama mkwe mtarajiwa, aitikie tu "ndiyo" moja, harusi iendelee.

Mwandishi mvivu atamfungisha Neema siku tatu na kumwotesha muuaji. Mwandishi anayejua kazi atamrudisha msomaji sura ya pili, pale Neema alipokuwa akimtania Elia kuhusu ukuta wa Mirerani, ule wa kilomita 24.5 uliozinduliwa mwaka 2018, kwamba kila aingiaye na kutoka anapita geti moja na kupekuliwa. Tulicheka, tukapita. Sasa Neema anasali kweli kweli, na sala hiyo haimpi jibu lolote zaidi ya kumkosesha ujasiri wa kudanganya. Anasema Elia aliondoka. Elia anawekwa ndani, kwaya inagawanyika, mchango wa harusi unarudishwa kwa aibu. Lakini kwa kuwa uongo umeondolewa mezani, polisi wanalazimika kuuliza Elia alikwenda wapi, na daftari la getini linaonyesha jina lake halimo usiku ule. Jina lililomo ni la mtu mwingine, ambaye tumekuwa tukimwona tangu sura ya kwanza akishika sahani ya sadaka.

Angalia kilichofanyika. Neema amelipa kabla hajajua kama atarudishiwa. Muujiza, ukipenda kuuita hivyo, umetokea katikati ya kitabu, ndani ya mtu, na umeyafanya mambo kuwa magumu zaidi. Fumbo limefunguliwa kwa kitu ambacho msomaji alikuwa nacho mkononi muda wote. Na kama Elia atamsamehe, hiyo ni sura nyingine tena, pengine ngumu kuliko ya mauaji.

Kwa hiyo ukinunua hadithi ya namna hii, ya mtumba au ya kundi la kulipia, tafuta ukurasa wa sala kubwa. Ukishaupata, uliza sala ile imemgharimu nini anayesali. Vitabu vya Love Inspired navyo huanguka mtihani huu mara nyingi, tena kwa karatasi nzuri. Na hadithi ya simu, ukiweza kuvumilia, iache mpaka iishe ndipo uisome mfululizo. Mafundo yaliyosahauliwa utayaona yenyewe.

Wiki ijayo tutamtazama mchungaji kama mhusika, na kwa nini katika hadithi nyingi mno za siku hizi ndiye anayekutwa na maiti kwenye buti la gari.