Fahamu: Kiwewe cha mwilini na dawa za saikedeliki
Tarehe 3 Desemba 2023 tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang liliikumba Katesh, kusini-magharibi mwa Babati, likaua watu zaidi ya 80. Aliyenusurika janga la namna hiyo anaweza kusikia mvua tu, moyo ukaenda mbio, mwili ukafa ganzi, akajiona kama yuko nje ya nafsi yake. Huo si wazimu wala kurogwa. Ni kiwewe: ubongo unajikinga.

Baadhi ya matabibu ughaibuni humpa mgonjwa dawa ya saikedeliki, yaani inayobadilisha fahamu na hisia kwa muda, chini ya uangalizi, kisha humsaidia kufuatilia pumzi, mitetemo na misuli iliyokaza, badala ya kusimulia tu. Australia iliruhusu MDMA, mojawapo ya dawa hizo, kwa kiwewe Julai 2023, kupitia madaktari wa akili walioidhinishwa. Marekani iliikataa Agosti 2024, ikidai ushahidi zaidi.

Kwetu Tanzania MDMA ni dawa ya kulevya kisheria. Anayekuuzia mtaani anakuhatarisha: dawa hii hupandisha shinikizo la damu, na anayejitenga na mwili wake anaweza kuzidiwa.

Hisia zikikupotea, kanyaga sakafu kwa nguvu, pumua taratibu, taja vitu unavyoviona. Dalili zikipita mwezi mmoja, nenda hospitali uulizie huduma ya afya ya akili.